Mnara wa upepo au mabati na feni?
Jua la Yazd, Iran, halina huruma kwa kiwanda. Paa la mabati juu ya fremu za chuma husimama haraka na halidai nguzo nyingi katikati, ila saa nane mchana ndani ni tanuri, na feni zinazungusha joto lile lile. Badgir, yaani mnara wa kushika upepo, ni habari nyingine: matundu ya juu hunasa upepo na kuushusha ndani, upepo ukikosekana, hewa ya moto hupanda yenyewe na kutoka. Ule wa bustani ya Dowlatabad, hapo Yazd, una urefu wa mita 33 hivi, na chini yake kuna kidimbwi cha kupoza hewa. Kasoro? Vumbi. Kiwanda cha dawa kisithubutu. Cha vigae, mimi ningechukua mnara, kuta nene za matofali, na feni chache za akiba.