Pikipiki ya cc 150 Mwanza: injini nyota tano, umeme nyota mbili

Pikipiki yangu ni ya cc 150, ya kabureta, inafanya bodaboda kati ya Buhongwa, Igoma na mjini. Injini naipa nyota tano. Umeme naupa mbili, na hizo mbili ndizo zinazowaudhi wenye pikipiki kama hii. Jibu lao huwa hilohilo: "Yangu injini haijafunguliwa tangu niinunue." Hata yangu haijafunguliwa. Lakini pikipiki iliyolala kwa fundi kwa ajili ya waya wa swichi hailetei mtu hesabu jioni, na mwenye mali anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kutoa hela.

Mwaka 2015 jarida la Consumer Reports la Marekani liliwauliza wasomaji wake wenye pikipiki. Makadirio ya pikipiki zilizopata hitilafu kufikia mwaka wa nne yalikuwa asilimia 11 kwa Yamaha, 26 kwa Harley-Davidson na 40 kwa BMW. Hata hivyo, katika kuridhika kwa wenyewe, Harley ilipata asilimia 72 na Honda 70. Hitilafu nyingi zilikuwa za umeme, breki na vifaa vidogo. Kuipenda pikipiki na kuitegemea ni alama mbili tofauti, kila moja iandikwe peke yake.

Sasa umeme wenyewe. Taa ya mbele ikiungua mara kwa mara, usinunue balbu nyingine kabla ya kupima. Weka mita kwenye nguzo za betri, washa injini, vuta mafuta hadi mzunguko wa kati. Volti 13.5 hadi 14.5 ni sawa. Zikipita 15, regyuleta, kifaa kinachodhibiti chaji, imekufa: inachemsha betri na kuunguza balbu, na fundi asiye na mita atakubadilishia balbu mpaka uchoke. Zikibaki chini ya 13, anza na soketi ya waya za koili ya chaji, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka. Mara nyingi imeingia maji na kuota ukijani. Isafishe, ikaushe, paka grisi kidogo, ifunge juu mbali na matope. Mashine ya presha isielekezwe chini ya tanki wala kwenye swichi. Na ziwani msioshee kabisa, jamani. Maji ya mji huu yanavutwa humohumo.

Lawama ya "haina nguvu mlimani" ni tofauti, na hapo wanaoitetea pikipiki wana haki. Kwenye mwinuko wa Bugando, na abiria wawili nyuma, dereva anang'ang'ania gia ya tatu mpaka injini inatetemeka. Waya wa klachi nao umekazwa mno. Ncha ya mkono wa klachi inatakiwa kucheza milimita 10 hadi 15 kabla ya kuanza kuvuta. Isipocheza, sahani za klachi hazibani vizuri: injini inalia, mwendo hauongezeki, sahani zinaungua. Tena klachi hii inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili ya gari yenye viongezeo vya kupunguza msuguano inaitelezesha. Tafuta 20W-50 ya pikipiki yenye maandishi JASO MA, alama ya oili isiyotelezesha klachi ya namna hii. Mimi namwaga kila kilometa 2,000, injini ikiwa ya moto, kisha napima kiwango pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi ya kati.

Wanaobeba samaki kutoka mwaloni, kwenye soko la samaki, wakague cheni zaidi ya wengine, kwa sababu maji ya barafu na mchanga vinaimaliza upesi. Mchezo wake, yaani kulegea, uwe milimita 25 hadi 30, upimwe pale cheni inapokaza zaidi. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, kisha paka oili ya gia SAE 90. Cheni mpya iende na sproketi (magurudumu ya meno ya cheni) zote mbili.

Anayekwambia aina fulani ni mbovu, muulize kilometa, mzigo, oili, na kama kifaa kilichokufa kilikuwa orijino. Kabla ya kununua, ulizia regyuleta orijino dukani. Spea za Boxer na TVS hazisumbui kupatikana mjini. Kwa jina ambalo mafundi wa mtaani kwako hawalijui, nunua regyuleta ya akiba siku hiyohiyo unayochukua pikipiki.