Ambaji na Mama: hekalu nyota tano, wakala nyota mbili

Mama yangu ana miaka 79. Mwaka 1972, Idi Amin alipotupa siku 90 kuondoka Uganda, aliweka nadhiri: sisi watoto watatu tukifika salama, ataenda kumshukuru Mama Amba, mungu wetu wa kike, juu ya mlima Gabbar, karibu na mji wa Ambaji, kule Gujarat, India. Tulifika salama. Tukarudi Jinja miaka ya tisini, nikafungua duka la vitambaa, na nadhiri bado inadai.

Wakala wa safari mmoja wa Kampala, simtaji, alituuzia safari nzima kwa bei moja. Ndege ya Entebbe hadi Mumbai, sawa. Kuanzia hapo, mashaka matupu. Kiti cha magurudumu tulichokwisha kukilipia hakikuonekana. Hoteli "ya mlangoni pa hekalu" ilikuwa mwendo wa dakika ishirini na tano, tena kwa miguu yangu, si ya Mama. Nilipopiga simu niliambiwa nitapigiwa. Mpaka leo.

Tena hakutuambia kwamba tarehe alizotupangia ziliangukia mwezi mpevu wa Bhadarvo, mmoja wa miezi ya kalenda ya Kihindu. Hiyo ndiyo siku mahujaji wanapomiminika Ambaji kwa miguu kutoka kila pembe ya Gujarat, bendera nyekundu mabegani, wengine nyayo zimefungwa vitambaa. Mimi nilikasirika. Mama alishika bendera ya mtu asiyemjua akalia kwa furaha, basi nikanyamaza.

Hekalu lenyewe ni la marumaru nyeupe, kilele kinang'aa dhahabu. Ndani nilitafuta sanamu, hakuna. Kinachoabudiwa ni yantra, mchoro mtakatifu ambao hauruhusiwi kutazamwa wala kupigwa picha. Makuhani huuvisha nguo na taji hata ukadhani Mama Amba ameketi pale anakutazama. Wazee wetu husimulia kwamba mwili wa Sati, mke wa mungu Shiva, ulipokatika vipande, moyo wake uliangukia hapa. Mahali vipande hivyo vilipoangukia huhesabiwa 51. Kuzunguka Gabbar wamejenga mifano ya zote, kwa hiyo asiye na nauli ya kwenda Assam au Bengal anazimaliza kwa mzunguko mmoja. Mfanyabiashara ndani yangu alipenda hesabu hiyo.

Ngazi za Gabbar wanasema ni 999. Kuna pia vigari vinavyoning'inia kwenye waya. Foleni yake ilitumeza asubuhi nzima, na huko nako wakala alikuwa ameahidi tiketi za mapema. Nilimuuliza Mama kama nadhiri inakubali kigari. "Nilisema nitafika juu," alinijibu. "Sikusema kwa miguu." Juu kuna taa isiyozimwa. Alisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyomwona akisimama popote mwaka huu.

Ukienda, tafuta hoteli mwenyewe, na uangalie kalenda ya mwezi kabla ya kulipa. Chukua mohanthal ya hekaluni, kitamutamu cha unga wa dengu na samli. Nilirudi na maboksi sita. Jirani yangu wa duka la simu alionja akasema halua ni nzuri, sasa kahawa iko wapi?