DISM na folda ya WinSxS: chombo kinachojua kuhesabu

Fungua sifa za folda ya C:\Windows\WinSxS (ghala ambamo Windows huweka vipengele vyake) na File Explorer itakutajia gigabaiti ambazo zitakutia hofu. Hapo ndipo watu huanza kufuta faili kwa mkono na kuiua Windows yao. Namba ile haiaminiki. DISM, chombo cha amri kilichomo ndani ya Windows yenyewe, kinaweza kukupa hesabu iliyo sahihi zaidi tangu toleo la 8.1.

Kinachovuruga hesabu ni hadilinki. Kwenye NTFS, mfumo wa faili wa Windows, faili moja inaweza kuwa na majina kadhaa katika folda mbalimbali za diski ileile, na hakuna jina lililo asili wala lililo nakala. Data imekaa mahali pamoja tu. Explorer hailijali hilo: kila jina inalihesabu kama faili kamili. Jionee mwenyewe:

fsutil hardlink list C:\Windows\System32\kernel32.dll

Utaona njia ya System32, na nyingine inayopita kwenye folda yenye jina refu ajabu ndani ya WinSxS. Faili ni hiyohiyo. Ukipima C:\Windows yote kwa Explorer, imeingia kwenye jumla mara mbili.

Sasa DISM. Fungua dirisha la amri kama msimamizi (ukisahau, utarudishwa na kosa namba 740), kisha andika:

Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore

Baada ya dakika chache unapata ripoti fupi. Tuseme inasema hivi: Explorer inaona GB 9.2, ukubwa halisi ni GB 8.7, sehemu inayotumiwa pamoja na Windows ni GB 6.1, na nakala za akiba pamoja na vipengele vilivyozimwa ni GB 2.6. Wengi husoma mistari miwili ya kwanza, wakaona tofauti ni nusu gigabaiti tu, wakafunga dirisha. Mstari wa maana ni ule wa GB 6.1. Hizo ni faili ambazo Windows inazitumia sasa hivi kupitia majina yake mengine. Hata jina la WinSxS likifutwa, hurudishiwi hata baiti moja. Mzigo wa WinSxS wenyewe ni ule wa GB 2.6 na faili za muda, basi.

Ripoti pia inakuambia ni vifurushi vingapi vinaweza kuondolewa, na kama usafishaji unapendekezwa. Ikipendekeza, weka /StartComponentCleanup mahali pa /AnalyzeComponentStore. Kazi ya kawaida ya Windows husubiri siku 30 kabla ya kuondoa matoleo ya zamani. Amri hii haisubiri. Kuongeza /ResetBase kunabana zaidi, lakini masasisho yaliyokwisha kuwekwa hayataondoleka tena. Kwenye kompyuta iliyosasishwa jana, sishauri: sasisho likileta balaa, njia ya kurudi nyuma umeifunga mwenyewe.

Kwa kupima, naipa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu inajua WinSxS tu. Ukiwa na folda yako ya nakala rudufu iliyojaa hadilinki, DISM haina la kukuambia. Hapo chukua du ya Sysinternals (mkusanyiko wa zana za Microsoft), amri ya kupima ukubwa wa folda, ambayo kwa kawaida huhesabu kila faili mara moja. Ukiipa -u ndipo inahesabu kila jina, kama Explorer. Kuiendesha mara mbili, bila -u na ikiwa nayo, kunakuonyesha hadilinki zinakuokolea kiasi gani.

Du ya Linux nayo ni nzuri, ila ina mtego. Ndani ya amri moja, faili yenye majina mawili inahesabiwa kwenye folda iliyotajwa kwanza. Kwa hiyo, ukiwa na folda mbili ziitwazo jumatatu na jumanne zenye faili za pamoja, du -sh jumatatu jumanne inaweza kuonyesha jumatatu ikiwa nzito na jumanne ikiwa karibu tupu. Geuza mpangilio, na uzito nao unahama. Ukitaka kila folda ipimwe peke yake, endesha amri mbili tofauti, au ongeza -l (inayohesabu kila jina), na hapo usithubutu kujumlisha majibu.