Vitest ndani ya kivinjari halisi: uzoefu wangu na komponenti za fomu

Ofisi yetu ipo Area D hapa Dodoma, na mkate wetu ni fomu: usajili wa wanachama, maombi ya mikopo, taarifa za mavuno. Fomu hizo zinafanana sana, kwa hiyo tuna komponenti zetu, yaani vipande vya ukurasa vilivyo tayari, tunazozihamisha kutoka mradi mmoja kwenda mwingine. Kuna kitufe, kichagua tarehe, dirisha la kuthibitisha, na menyu ya mkoa na wilaya. Raha yake ni kwamba unaandika mara moja tu. Karaha yake ni kwamba moja ikiharibika, imeharibika kwa wateja wote kwa mpigo.

Kwa muda mrefu tulizipima kwa jsdom. Kwa asiyeifahamu, hicho ni kivinjari cha kuigiza kilichoandikwa kwa JavaScript, kinaishi ndani ya Node (programu ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari) na hakichori kitu chochote. Ni chepesi mno, testi zinaisha hujamaliza hata kugeuza shingo. Lakini kwa kuwa hakichori, ukikiuliza kitufe kina upana gani kinajibu sifuri. Kimekaa wapi kwenye ukurasa? Sifuri. Kwake yeye vitu vyote vimerundikana sehemu moja na vyote vinabofyeka.

Hapo ndipo menyu ya wilaya ilipotutoa jasho. Ukichagua mkoa wa Dodoma inashusha Bahi, Chamwino, Chemba, Dodoma, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Kwenye kompyuta, safi kabisa. Kwenye simu ndogo, zile za mwisho zilikuwa zinaingia chini ya ule utepe wa kitufe cha "Tuma" ulioganda chini ya skrini. Mtu wa Mpwapwa anagusa wilaya yake, anayeguswa ni "Tuma", fomu inamrudishia maandishi mekundu kwamba hajachagua wilaya. Anarudia, yale yale. Kijana aliyekuwa kwetu kwa field akaniuliza swali la haki kabisa: "Kaka, mbona testi zote ni kijani?"

Nikaichukua testi ile ile na kuihamishia kwenye Vitest, kifaa cha kuendesha testi za JavaScript, kwa upande wake wa kuziendesha ndani ya kivinjari halisi. Upande huo ulikuwa wa majaribio kwa muda, ukatangazwa kuwa imara kwenye toleo la 4, Oktoba 2025. Usipoigusa mipangilio, ukurasa unafunguka kwa ukubwa wa pikseli 414 kwa 896. Nikaushusha hadi 360 kwa 640, maana simu za wateja wetu ndizo hizo. Testi ikagoma. Ikaeleza kwamba Mpwapwa imeonekana, ila kuna elementi nyingine inayodaka mbofyo, na ikaitaja: utepe wa chini. Ikaniachia na picha ya skrini kwenye folda ya mradi. Kwenye picha ile, neno Mpwapwa lilikuwa limekatwa nusu na rangi ya kijani ya kitufe chetu.

Kinachofanya kazi hiyo kwa ndani ni Playwright ya Microsoft, programu ya kuendesha kivinjari kwa msimbo. Kabla ya kubofya inakagua: kitu kinaonekana? Kimetulia au bado kinasogea? Kimeruhusiwa kubofywa? Na je, mbofyo ukitua pale unakifikia chenyewe au unadakwa na kingine? Kwenye jsdom tukio la mbofyo linarushwa moja kwa moja kwa elementi hata kama imefunikwa na ukuta. Kwangu mimi, sababu ya kuhama ni hiyo moja tu, na ingetosha hata kama kifaa hiki kisingekuwa na kingine.

Kibodi nayo imenifurahisha. Kwenye dirisha la kuthibitisha, Tab inayobonyezwa ni Tab ya kivinjari chenyewe, kwa hiyo unaona kweli kama mtumiaji amebaki ndani ya dirisha au ametorokea kwenye fomu iliyo nyuma yake.

Sasa kuhusu bando, maana najua ndilo litakaloulizwa. Playwright inapakua vivinjari vyake: Chromium (msingi wa Chrome), Firefox na WebKit (msingi wa Safari). Ukiiachia ipakue vyote vitatu, bando la siku unaliaga. Halafu kila toleo la Playwright linataka toleo lake la kivinjari, kwa hiyo ukisasisha unapakua upya. Mimi nafanya hivi: naagiza Chromium peke yake, na nimeifunga namba ya toleo kwenye mradi ili mtu asisasishe kwa bahati mbaya akiwa anatumia hotspoti ya simu. Kuna njia ya bei nafuu zaidi, ya kuielekeza itumie Chrome ambayo tayari ipo kwenye kompyuta yako. Kwa mwenzangu anayekaa Nzuguni na kufanyia kazi nyumbani, hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Usakinishaji hauna maajabu. Amri moja ya kuanzisha inakuuliza maswali na kukuandikia mipangilio. Ila ukifuata maelekezo ya zamani utakwama, kwa sababu kwenye toleo la 4 kiunganishi cha Playwright ni kifurushi cha peke yake.

Kuna mambo ya kuyazoea. Visanduku vya asili vya kivinjari, kama `alert` na `confirm`, vingesimamisha ukurasa mzima, kwa hiyo Vitest inaviigiza. Kama komponenti yako inavitegemea, hapo hujapima kitu halisi. Ujanja wa `vi.spyOn`, wa kupeleleza au kubadilisha kipande cha msimbo wakati wa testi, juu ya moduli (faili la msimbo) uliyoiingiza haukubali, kwa sababu kivinjari hakiruhusu moduli kuchezewa hivyo, na testi zetu kadhaa za zamani ilibidi ziandikwe upya kwa `vi.mock`, amri ya Vitest ya kuigiza moduli nzima. Na kasi, tusidanganyane: kivinjari kinachukua muda kuamka.

Kwa hiyo sijaitupa jsdom. Kukokotoa riba, kukagua namba ya simu, kupanga majina ya wilaya, vyote vimebaki huko huko. Kilichohamia kwenye kivinjari ni chochote chenye ukubwa, mahali au mfuatano wa kibodi. WebKit tunaiendesha kabla ya kukabidhi kazi tu, kwa ajili ya wateja wenye iPhone, ingawa si Safari yenyewe kwa asilimia zote.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya testi za kulinganisha picha. Zipo, zinafanya kazi, lakini herufi za Windows na za Ubuntu hazichorwi sawasawa, na kila mfumo unatunza picha zake. Ofisini kwetu nusu wanatumia hii na nusu ile, kwa hiyo nimeziweka pembeni hadi tupate seva moja ya kuziendeshea.