Ampu ya valvu ya mjomba: uzoefu wangu na fundi wa Isevya

Mjomba alipiga gitaa la rithimu enzi za dansi hapa Tabora, mji wa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na alipostaafu muziki aliniachia ampu yake, yaani kikuza sauti cha gitaa. Ni ya Uingereza, ya miaka ya 60: inakuza sauti kwa valvu, zile taa za kioo za redio za zamani; nne aina ya EL84 kwenye pawa inayosukuma spika, na za ECC83 kule mbele gitaa linakoingilia. Naipenda mno. Lakini kwa miaka miwili ilikuwa ikinguruma hata sijagusa waya wa gitaa, na ikishapata joto inaanza kukwaruza kama bisi kwenye sufuria.

Fundi wa kwanza aliniambia ninunue valvu mpya zote. Nikaagiza, pesa za kupiga kwenye harusi tatu zikaishia hapo, na mngurumo ukabaki uleule. Iliniuma sana.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja Isevya, fundi redio tangu zama redio zenyewe zilipokuwa za valvu. Nikampa shikamoo yake. "Marahaba. Washa kwanza tusikie, mwanangu." Hakushika bisibisi. Alichomoa waya wa gitaa, akashusha volyumu hadi sifuri. Mngurumo haukupungua hata kidogo. Akasema basi kelele hiyo inaingia baada ya volyumu, huku mbele tusijisumbue. Kisha akaniambia nipige uzi mnene, freti ya tatu, gitaa likiwa kavu, bila ampu. Noti ile ni G, mitetemo 98 kwa sekunde, na ikakaa karibu kabisa na mngurumo. Umeme wetu ni wa mitetemo 50 kwa sekunde. Ukishapita kwenye rektifaya, kile kifaa kinachougeuza uende upande mmoja, mtetemo unaobaki unakuwa wa 100. Kwa hiyo mshukiwa ni kapasita kubwa za kuchuja umeme, ambazo zikikaa miongo kadhaa hukauka ndani. Ungekuwa mngurumo mzito zaidi, wa 50 yenyewe, angeanza na waya za kupasha valvu joto au athi. Mimi gitaa nimelipiga miaka yote hiyo, sikuwahi kufikiria kwamba noti inaweza kumwonyesha fundi pa kufungua.

Alizima, akachomoa plagi, halafu akazimaliza chaji zile kapasita kwa rezista (kizuia umeme) yenye mpini mrefu, akapima kwa multimita mpaka ikasoma sifuri. Hapa naomba mnisikilize: ndani ya ampu hizi mna volti zaidi ya 300, na hubaki humo hata plagi ikiwa mkononi mwako. Usifungue mwenyewe.

Kapasita zilitoka Dar kwa basi, nikasubiri siku tisa. Hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kulalamikia, na si kosa lake.

Kukwaruza kulikuwa ugonjwa mwingine. Alikuwa akichomoa valvu za mbele moja moja, kila mara akizima kwanza kisha akiwasha tena tusikilize, hadi kelele ikakoma alipochomoa ile iliyo karibu na tundu la gitaa. Lakini valvu ilikuwa mpya! Akageukia rezista iliyo kwenye anodi yake, yaani mguu unaopokea volti kubwa, ya kilo-omu 100, ya kaboni ya zamani. Ampu ikiwa imewaka, akaigonga kwa kijiti kikavu cha mbao, spika ikapasuka kelele. Rezista ya shilingi mia chache. Akabadilisha pia waya wa umeme, maana ule wa mjomba ulikuwa wa nyuzi mbili tu, bila athi. Sasa kasha la ampu limefungwa athi vizuri.

Alinitoza elfu sitini, kapasita zikiwemo. Valvu zangu za zamani alizipima, akaniambia tano bado nzima, nizifunge kwenye kitambaa niziweke akiba.

Nikifungua volyumu hadi mwisho bado nasikia mchakacho mwembamba, kama mvua ya mbali juu ya bati. Nilimwuliza. Akasema huo ni wa valvu yenyewe ikikuza sauti kiasi kile, hauondoki, niuache. Nimeuacha.

Ukimfuata, beba ampu pamoja na spika yake. Hakubali kuiwasha bila spika, transfoma ya kutolea sauti huungua, na kwake kufika baada ya alasiri ndiko utamkuta ametulia.