Les Misérables: rekodi ya kununua kwanza, na zinazofuata

Mtu akitoka kuiona Les Misérables, igizo la nyimbo, jukwaani kwa mara ya kwanza, swali lake huwa moja: ninunue rekodi ipi? Zimetoka nyingi tangu igizo lifunguliwe London Oktoba 1985, na majalada yake karibu yote yana picha ileile ya Cosette, mtoto wa kike wa hadithi hii. Basi kabla ya kulipa, geuza kasha uhesabu CD zilizomo. Igizo hili huimbwa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo CD moja ya nyimbo teule inakupa zile unazozijua tayari na kuiacha hadithi na mapengo. Yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo: mhusika mkuu, Valjean, mfungwa, mara Valjean meya, na vinara vya fedha vya askofu, vilivyombadilisha maisha, havimo kabisa.

Nafasi ya kwanza naipa rekodi kamili ya 1988, CD tatu, iitwayo Complete Symphonic Recording. Waimbaji walikusanywa kutoka nchi mbalimbali: Gary Morris wa Marekani ni Valjean, Kaho Shimada wa Japani ni Éponine, msichana anayempenda kijana Marius, na Philip Quast wa Australia ni Javert, askari anayemwinda Valjean. Ilipata tuzo ya Grammy 1991. Wapo wanaomwona Morris amepoa mno, na siwezi kuwabishia sana. Lakini msikilize Quast katika "Stars", wimbo wa Javert. Hafoki. Anaimba taratibu kama mtu aliye kwenye sala, na hapo ndipo unapoelewa kwamba huyu askari hamwindi Valjean kwa chuki. Anaamini kwa moyo wote kwamba Mungu yuko upande wake. Baada ya hapo, kifo chake kinauma.

Ya pili ni tamasha la miaka kumi, Royal Albert Hall, 8 Oktoba 1995. Hii inunue kwa picha, si sauti tupu. Waimbaji wamesimama mbele ya vipaza sauti, okestra nyuma yao, na bado huwezi kubandua macho. Quast yumo tena, Lea Salonga ni Éponine, Michael Ball ni Marius, na Valjean ni Colm Wilkinson, aliyeimba nafasi hiyo tangu igizo lilipofunguliwa London. Mwishoni wanaingia akina Valjean 17 kutoka nchi tofauti, kila mmoja akiimba kwa lugha yake. Matukio machache yamekatwa, ndiyo maana haikushika namba moja.

Mashabiki wengi watakwambia uanze na ya London ya 1985. Mimi naiweka ya tatu, kwa sababu igizo lilirekebishwa baadaye na baadhi ya sehemu zilihamishwa. Thamani yake ni "Bring Him Home", wimbo ulioandikwa kwa ajili ya sauti ya Wilkinson wakati wa mazoezi. Hapo unausikia ukiwa bado mpya kinywani mwake, sauti ikipanda juu tangu maneno ya kwanza bila kukwaruza.

Tamasha la 2010 katika ukumbi wa O2 ni la nne. Alfie Boe ana kifua cha opera, na Salonga, Éponine wa 1995, sasa ni Fantine, mama yake Cosette. Marius wa Nick Jonas anamezwa na sauti zinazomzunguka. Rekodi ya Broadway, yaani ya New York, ya 1987 ni nzuri, ila ukiwa na hizo nne haina kubwa la kukuongezea. Ya filamu ya 2012, ambayo waigizaji waliimba papo hapo mbele ya kamera, inafaa zaidi kutazamwa. Ukiitaka kwa sauti, tafuta toleo la CD mbili.

Umebaki mzizi wenyewe: albamu ya Kifaransa ya 1980, ya Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil, iliyotangulia jukwaa lolote. Usianze nayo, maana askofu hayumo, "Stars" haimo, na hadithi inaanzia kiwandani. Inunue siku utakapokuwa unaijua "On My Own", wimbo wa Éponine, kwa moyo. Muziki wake utaukuta humo, lakini anayeimba si Éponine anayempenda mtu asiyempenda. Ni Fantine, katika sauti ya Rose Laurens, akiimba juu ya ufukara.