Django ya 1966: ununue toleo lipi?

Kwanza hakikisha unachonunua ni Django yenyewe: filamu ya kauboi ya Kiitaliano ya mwaka 1966, mwongozaji Sergio Corbucci, steringi Franco Nero. Siyo ile ya Tarantino ya 2012, ambamo Nero anapita mara moja tu pale baa. Na jihadhari na kava. Baada ya filamu hii kuvuma, makumi ya filamu nyingine zilibandikwa jina Django ili ziuzike.

1. Diski ya 4K (yenye picha kali kuliko zote) ya Arrow, kampuni inayotoa filamu za zamani kwenye diski. Ukiwa na deki na televisheni ya 4K, usihangaike na nyingine. Picha imesafishwa upya kutoka negativu halisi, yaani mkanda uleule uliokuwa ndani ya kamera, na hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Nero alikuwa hajafikisha miaka 25, akapakwa vipodozi aonekane mtu mzima aliyechoshwa na dunia. Sauti unayoisikia si yake: kwa Kiitaliano ni ya Nando Gazzolo, na ya Kiingereza nayo ni ya mtu mwingine. Kwa hiyo kilichompa jina ni macho na mwili. Tazama anavyoingia mwanzoni, tandiko begani, akiburuta jeneza kwenye tope. Au makaburini, mikono imeshapondwapondwa, anapong'oa kwa meno kile chuma kinachozunguka triga. Picha ikiwa na ukungu, hayo yote yanapotea. Baadhi ya makasha ya diski hii yana pia filamu ya Texas, Adios, ya Nero vilevile, ambayo Wajerumani waliiuza kwa jina la, ndiyo, Django.

2. Blu-ray (diski iliyo kati ya DVD na 4K kwa ubora) ya Arrow. Usafishaji ni uleule, na kwa televisheni ya kawaida inatosha kabisa. Ila diski za 4K hucheza popote duniani, lakini Blu-ray nyingi zimefungwa kwa eneo, nalo hutajwa kwa herufi. Deki za Afrika na Ulaya ni B, za Marekani ni A. Soma nyuma ya kasha kabla ya kulipa.

3. Blu-ray ya 2010 ya kampuni nyingine, Blue Underground. Ina chenga nyingi. Ichukue ikiwa bei imeshuka sana.

4. Kukodi mtandaoni. Sawa kwa kuonja. Angalia kama kuna Kiitaliano chenye maandishi. Mimi huchagua hicho.

5. DVD za mkusanyiko, filamu kumi kava moja. Achana nazo. Nyingi hata Nero mwenyewe hayumo.